Namna ya kuitazama upya Raw ya kwanza, 11 Januari 1993

Kabla ya kubonyeza chochote, chukua karatasi uandike tarehe mbili: Jumatatu 11 Januari 1993 na Jumapili 24 Januari 1993. Tarehe ya kwanza ndiyo siku Monday Night Raw, kipindi cha mieleka cha televisheni ya Marekani, ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza, saa nzima, moja kwa moja kutoka ukumbi wa Manhattan Center, New York. Tarehe ya pili ni ya Royal Rumble, mjini Sacramento, California, tamasha la mieleka ambalo aliyetaka kuliona akiwa nyumbani ilibidi alilipie. Katikati pana siku 13, na karibu kila utakachokiona ndani ya saa ile kinazihudumia siku hizo.

Hilo ndilo jambo ambalo wengi hulikosa. Wanaifungua show ya miaka ile, wanakuta mapambano manne tu, mengine mtu anapondwa mwanzo hadi mwisho, kisha wanaifunga wakisema ilikuwa ya kuchosha. Mieleka ya televisheni ya wakati ule haikuwa ligi. Kipindi cha kawaida kilikuwa na kazi ya kuuza tamasha la kulipia, kwa hiyo swali la kuuliza kwenye kila tukio ni moja: hapa wanauza nini?

Kwa wengi wetu Afrika Mashariki, mieleka ya zama hizo ilikuja kwa kanda za VHS zilizonakiliwa tena na tena, huyu akifuatiwa na yule bila mpangilio wa tarehe. Ndiyo maana kalenda inatangulia. Ukikosea wiki mbili tu, steringi na adui wanabadilishana nafasi na hadithi nzima inaharibika.

Hakiki nakala uliyonayo

Saa moja ya televisheni ya Marekani, ukitoa matangazo ya biashara, hubaki dakika 45 hivi. Nakala yako ikiwa ya dakika 30, imekatwa, na mara nyingi kilichokatwa ni mahojiano na vipande vya katikati, yaani mauzo yenyewe. Utabaki na mapambano matupu na hutaelewa kwa nini yalikuwepo.

Kumbuka pia kwamba kampuni yenye kipindi hiki iliitwa WWF hadi Mei 2002, ilipokuwa WWE baada ya kesi na mfuko wa kuhifadhi wanyamapori wenye herufi zilezile. Kati ya hapo na 2012, nakala nyingi za zamani zilitolewa zikiwa na nembo iliyofifishwa au herufi hizo zikiwa zimenyamazishwa mdomoni mwa mtangazaji. Ukisikia sauti inakatika ghafla katikati ya sentensi, usidhani kanda imeharibika. Na muziki wa kuingilia ulingoni nao hubadilishwa pale haki zake zinapokuwa za mtu mwingine.

Umbo la picha nalo ni la kuangalia mapema. Picha ya 1993 ni 4:3. Televisheni ya leo ni 16:9, na ikiachwa ijaze kioo chote huitanua picha kwa theluthi moja. Yokozuna alikuwa na zaidi ya pauni 500, kama kilo 227. Huna haja ya kumwongezea. Ingia kwenye mipangilio ya picha, chagua 4:3, uache mistari myeusi pembeni.

Kama unatazama kutoka kwenye kanda yenyewe

Kanda iliyorekodiwa Marekani ni ya mfumo wa NTSC: mistari 525, picha 29.97 kwa sekunde. Deki nyingi za kwetu zilikuwa za PAL: mistari 625, picha 25. Ukiweka NTSC kwenye deki ya PAL pekee, picha itakuwa nyeusi na nyeupe au itapanda na kushuka bila kutulia. Tafuta deki inayosoma mifumo yote miwili.

Kabla ya kuiingiza, itazame kanda kupitia kidirisha chake kwenye mwanga. Ukiona unga mweupe kwenye kingo za utepe, hiyo ni kuvu. Usiicheze. Itahamia kwenye vichwa vya deki, na kutoka hapo kwenye kanda zako nyingine zote. Vichwa husafishwa kwa kitambaa laini cha ngozi na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi: kishike kitambaa kwa utulivu kwenye ngoma (silinda inayobeba vichwa), kisha zungusha ngoma kwa mkono. Usisugue juu na chini, kichwa kitavunjika. Pamba ya masikio iache, nyuzi zake hunasa.

Unapoihamishia kwenye kompyuta, rekodi kwa 720 kwa 480 kama ni NTSC (720 kwa 576 kwa PAL), na uandae nafasi ya GB 13 kwa kila saa ukitumia DV, aina mojawapo ya faili za video. Mkono wa mtu anayepiga ngumi ukionekana na mistari kama meno ya kitana, ujue nusu mbili za picha hazijatenganishwa. Kwenye programu, chagua kutenganisha hadi picha 59.94 kwa sekunde. Ukichagua 29.97 mistari itaondoka, lakini mwendo utakatika, na mieleka ni mwendo.

Tazama mara nne, kila mara kwa kazi yake

Mara ya kwanza usisimamishe. Iache iende hadi mwisho, simu ikiwa mbali. Ilionyeshwa saa 3 usiku New York, wakati Dar es Salaam na Nairobi ilikuwa saa 11 alfajiri ya Jumanne, na mtazamaji wake hakuwa na cha kurudisha nyuma. Andika kitu kimoja tu: ni wapi umechoka. Utakihitaji baadaye.

Mara ya pili, shika kalamu. Chora safu nne: dakika, nani, nini kimetokea, kinauza nini. Safu ya nne ndiyo yenye thamani, nayo ndiyo ngumu. Mapambano ni haya, kwa mpangilio wake: Yokozuna na Koko B. Ware, ndugu wawili Steiner, Rick na Scott, dhidi ya The Executioners, Shawn Michaels akitetea mkanda wa ubingwa wa Intercontinental mbele ya Max Moon, na The Undertaker dhidi ya Damien Demento. Usiishie kuandika "Yokozuna kashinda". Andika: "Yokozuna anaonyeshwa hasukumiki; Rumble ni ya kutupana nje ya kamba; nani atamtupa huyu?" Hapo umeisoma show. Watu 30 wangeingia kwenye Rumble ile, pambano lililolipa tamasha jina lake, na kwa mara ya kwanza mshindi aliahidiwa kugombea ubingwa kwenye WrestleMania, tamasha kubwa la kampuni la kila mwaka.

Mahojiano ya Razor Ramon usiyarukie. Huyo ndiye aliyekuwa anakwenda Sacramento kugombea ubingwa wa dunia wa Bret Hart. Dakika chache zile za maneno ni bidhaa kubwa kuliko pambano lolote la usiku ule.

Kuna uzi mwingine unaopita katikati ya kipindi: mtangazaji Bobby Heenan amefungiwa nje ya ukumbi, na mtangazaji mwenzake Sean Mooney yuko naye mlangoni. Nafasi ya Heenan ya utangazaji kapewa mwingine. Anajaribu kuingia akiwa amejivika kama mwanamke, anarudi na ndevu za bandia, na anaporuhusiwa, kipindi kimekwisha. Wengi huviona vipande hivi kama vya kujaza muda. Viandike vyote na dakika zake. Kazi yake ni kukuambia kwamba uko mjini, usiku huu, mlangoni pana mtu, na lolote laweza kutokea. Prime Time Wrestling, iliyokuwa imeshika nafasi hiyo ya Jumatatu, ilikuwa ya studio. Raw ilitaka unuse mtaa.

Mara ya tatu, ipe televisheni mgongo usikilize tu. Mezani kuna watatu: Vince McMahon, Randy Savage na Rob Bartlett. McMahon ndiye aliyekuwa mwenye kampuni, lakini mtazamaji wa wakati ule hakuambiwa hivyo. Alimjua kama mtangazaji. Savage ni mpiga mieleka, bingwa wa zamani. Bartlett ni mchekeshaji wa redio, na wakati Michaels yuko kazini, yeye anaigiza sauti ya Mike Tyson. Weka alama kila sentensi isiyohusu kilichoko ulingoni. Ukilinganisha na karatasi ya kwanza, sehemu uliyochoka mara nyingi ndiyo sehemu ambayo watangazaji wameliacha pambano. Tatizo halikuwa kwa wapiganaji.

Wasikilize na watu pia. Vipindi vya WWF vilivyorekodiwa mapema viliongezewa kelele wakati wa kuhariri, ndiyo maana vingine vinanguruma hata hakuna kinachofanyika. Usiku huu ulikuwa wa moja kwa moja, ndani ya ukumbi mdogo wenye roshani, na watu wa New York hawaoni haya kumzomea mtu. Kelele za mtu aliyekasirika hupanda na tukio. Za mtu aliyechoka huelea tu.

Mara ya nne, zima sauti utazame miili. Hapa kuna kanuni moja ya kuishika kwa mikono miwili: mtazame anayepigwa. Anayepiga ana jina, mavazi na muziki; anayepigwa ndiye anayeifanya kazi. Kila Koko anapomkimbilia Yokozuna, angalia ni nani anayerudi nyuma, na kwa hatua ngapi. Ukubwa wa Yokozuna unaouona umetengenezwa na miguu ya Koko. Kisha mwangalie mtu anavyoanguka: kidevu kimebanwa kifuani, mgongo unafika wote kwa pamoja, mikono inalipiga turubai kwa viganja ili nguvu itawanyike na mlio utoke. Kidevu kikiachia, kisogo kinagonga. Hapo ndipo ajali za kweli zinapotokea.

Ukifika kwenye Banzai Drop, punguza mwendo hadi robo. Yokozuna anapanda kamba ya pili kwenye kona, mtu kalazwa chini yake, anashuka na kumkalia kifuani. Tazama nyayo zake: zinatangulia kupokea uzito. Fanya vivyo hivyo kwa Undertaker na Tombstone, pigo lake la kumbeba mtu kichwa chini na kushuka naye. Magoti yake yanafika chini kwanza, kichwa cha aliyebebwa kimefichwa juu ya usawa wa magoti. Katika mwendo wa kawaida huoni lolote kati ya hayo, na huo ndio ustadi wao. Usijaribu na mtu yeyote. Sentimita chache tu zinatenganisha kazi na shingo iliyovunjika.

Funga hesabu

Sasa jaza safu ya tano: kilichouzwa kiliishaje? Sacramento, Bret Hart alimshinda Razor. Michaels aliuhifadhi mkanda wake mbele ya Marty Jannetty, ndugu Steiner wakawashinda Beverly Brothers, na Undertaker akavamiwa na Giant Gonzalez, ambaye hakuwa amejiandikisha kwenye Rumble. Yokozuna alishinda Rumble, akaenda WrestleMania IX pale Caesars Palace tarehe 4 Aprili, akamvua Bret ubingwa, na dakika chache baadaye akaupoteza kwa Hulk Hogan.

Mtu wa mwisho aliyetupwa nje na Yokozuna kwenye Rumble ile alikuwa Randy Savage. Kwa hiyo rudi kwenye pambano la kwanza la tarehe 11, mara ya tano, na safari hii mwache Koko. Msikilize Savage akiwa mezani, siku 13 kabla, akilielezea jitu lile.