Jinsi ya kuomba kiti cha shabiki mwenye mbwa mwongozaji katika viwanja vya Nairobi

Ombi hili lina sehemu mbili, na wengi huandika moja tu. Kuna kiti, na kuna mbwa anayemwongoza mtu asiyeona. Ukiomba kiti cha mtu mwenye ulemavu bila kumtaja mbwa, huenda ukatengewa nafasi ya kiti cha magurudumu usiyoihitaji, kisha mbwa azuiwe getini. Ukimtaja mbwa bila kueleza ni kiti cha namna gani, mtaingia nyote wawili halafu ujikute katikati ya safu, mbwa amejikunja chini ya miguu ya mashabiki wanaorukaruka. Basi omba vyote viwili, kwa maandishi, na uombe mapema.

Mapema ni muhimu kuliko yote. Mbwa waongozaji ni wachache mno nchini. Mlinzi wa getini anayemjua mbwa wa kwenye kibao cha "Mbwa Kali" tu hatabadilisha mawazo yake katika dakika mbili, na nyuma yako kuna foleni inayosukumana. Uamuzi unapaswa kuwa umeshafanywa na mkubwa wake, na uwe kwenye karatasi uliyoishika mkononi.

Unasimama juu ya nini

Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali pote kwa kiasi kinachofaa, pamoja na usafiri wa umma na habari. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi kwa misingi ya ulemavu, na katazo hilo haliishii kwa serikali, linamfunga pia mtu binafsi, kwa hiyo klabu au kampuni inayoandaa mchezo imo ndani. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na ibara yake ya 30 inavitaja waziwazi viwanja vya michezo. Kuna pia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025, iliyochukua nafasi ya ile ya 2003. Huhitaji kumwaga yote haya katika barua. Sentensi moja inayotaja kifungu cha 54 na cha 27 inatosha kumwonyesha msomaji kwamba huombi fadhila.

Hatua ya kwanza: makaratasi

Anza na kadi ya ulemavu ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, NCPWD. Kama huna, utapimwa kwanza katika hospitali ya serikali inayofanya tathmini ya ulemavu, kisha usajili ukamilishwe kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Usianze shughuli hii wiki ya mechi, kwa sababu tathmini ina foleni yake.

Kwa upande wa mbwa, tayarisha cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa ambacho hakijapitwa na wakati, barua fupi ya daktari wa mifugo inayosema mbwa ana afya njema, leseni ya mbwa ya Kaunti ya Nairobi, na cheti au kitambulisho kutoka chuo kilichomfunza. Hicho cha mwisho ndicho kinachomtenganisha na mbwa wa nyumbani, kwa hiyo kitangulize. Ongeza picha moja ya mbwa akiwa amevaa mkanda wake wa kazi wenye mshikio. Picha hiyo hufanya kazi ambayo aya tatu za maelezo haziwezi.

Ukiwa unampokea mgeni anayekuja na mbwa wake kutoka nje ya nchi, labda kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika, AFCON 2027, ambalo Kenya inaandaa pamoja na Uganda na Tanzania, kuna jambo la kutangulia: kibali cha kumwingiza mbwa nchini, kinachotolewa na Kurugenzi ya Huduma za Mifugo iliyoko Kabete. Pamoja nacho huhitajika cheti cha chanjo na cheti cha afya kutoka kwa daktari wa mifugo wa serikali ya huko atokako. Bila kibali hicho, mambo yatakwama uwanja wa ndege kabla hata ya kufikiria uwanja wa mpira.

Hatua ya pili: jua unamwandikia nani

Hapa ndipo maombi mengi hupotea. Viwanja vya Kasarani na Nyayo husimamiwa na Sports Kenya, shirika la serikali, lakini tikiti na walinzi wa siku ya mechi huwa chini ya mwandaaji. Mechi ya timu ya taifa, Harambee Stars, ni ya Shirikisho la Soka, FKF. Mechi ya ligi ni ya klabu mwenyeji. Riadha ni ya Athletics Kenya. Mashindano ya soka ya bara yana CAF, shirikisho la soka la Afrika, juu, na kamati ya maandalizi ya hapa nyumbani chini yake. Raga inayochezwa kwenye uwanja wa RFUEA, Barabara ya Ngong, ina wenyewe pia.

Andika barua moja, uielekeze kwa mwandaaji, na nakala iende kwa meneja wa uwanja. Wote wawili waone kwamba mwenzake ameipata. Ukimwandikia mmoja tu, siku ya mechi utaambiwa kwamba jambo hilo ni la yule mwingine. Ikiwa mwandaaji ana fomu yake ya mahitaji maalum, ijaze, lakini barua iambatishe vilevile, maana ni vigumu fomu kuwa na nafasi ya kumweleza mbwa.

Hatua ya tatu: barua

Iwe ukurasa mmoja. Mfano huu unaweza kuubadilisha upendavyo:

Kwa Katibu Mkuu,
(jina la mwandaaji)
Nakala: Meneja wa Uwanja

MINT: OMBI LA KITI NA RUHUSA YA KUINGIA NA MBWA MWONGOZAJI, MECHI YA (timu, tarehe, uwanja)

Mimi ni mtu nisiyeona na hutembea kwa msaada wa mbwa mwongozaji aliyefunzwa kazi hiyo. Kwa mujibu wa vifungu vya 27 na 54 vya Katiba, naomba yafuatayo:

Kiti cha mwisho wa safu, upande wenye paa, chenye nafasi ya sakafu ambapo mbwa mkubwa anaweza kulala bila kuziba njia wala ngazi. Kiti cha mwenzangu anayenisaidia, kando yangu. Geti moja litakalotajwa, ambalo wasimamizi wake wameelezwa kwamba tunakuja. Ruhusa ya kutoka na kurudi mara moja ili mbwa ajisaidie, au sehemu ya nyasi au mchanga ndani ya uzio.

Mbwa huwa kwenye mkanda wake muda wote, amechanjwa, na vyeti nimeambatisha. Naomba jibu la maandishi lenye jina na simu ya afisa nitakayewasiliana naye siku ya mechi.

Barua inaishia hapo, na kila ombi ndani yake lina sababu. Mwisho wa safu, kwa sababu mbwa mkubwa kama Labrador aliyelala anahitaji kama mita moja ya sakafu na mkia wake usikanyagwe. Paa, kwa sababu mbwa hupoza mwili kwa kuhema, na saruji iliyopigwa na jua la saa tisa alasiri humuunguza nyayo. Kutoka na kurudi, kwa sababu katika mashindano makubwa tikiti ikishapigwa mashine getini ukitoka huruhusiwi kurudi, na mbwa hawezi kujizuia tangu mnapofika hadi kipenga cha mwisho kwa kuwa tu kanuni inasema hivyo.

Tuma barua wiki tatu kabla kwa mechi ya kawaida. Kwa mashindano kama AFCON, tuma mara tu mauzo ya tikiti yanapotangazwa, kabla ya kulipa ikiwezekana.

Hatua ya nne: fuatilia, kisha nunua

Baada ya siku nne au tano piga simu. Usikubali "sawa, wewe kuja tu." Mwambie aliyekujibu, kwa upole, kwamba unahitaji baruapepe ya mistari miwili. Likija jibu la "tutaona siku hiyo," lichukulie kama bado hujajibiwa.

Tikiti ni jambo jingine. Wakati wa CHAN, mashindano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za nyumbani, Agosti 2025, baada ya vurugu za mageti pale Kasarani, CAF ilipunguza mashabiki hadi 27,000 na ikaruhusu tikiti za kielektroniki pekee. Ukaguzi ukikaza namna hiyo, hakuna wa kumbembeleza getini. Kwa hiyo hakikisha tikiti yako ni ya jukwaa lilelile lililotajwa kwenye ruhusa, na mwenzako ana yake. Uliza kama tikiti ya msaidizi inalipiwa, usidhani ni bure. Na kama tovuti ya mauzo haisomeki kwa programu ya kusoma skrini, liandike hilo kwenye barua na uombe uuziwe kwa simu.

Je, mbwa aende kweli?

Haki ya kuingia naye ni yako. Kumpeleka ni uamuzi mwingine, na nausema kwa kumpenda mbwa. Mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards ina ngoma za isukuti, vuvuzela na fataki, na masikio ya mbwa ni makali kuliko yetu. Mbwa aliyeshtuka vibaya mara moja anaweza kuogopa umati kwa miezi, nawe ndiye unayemhitaji kesho yake kuvuka Moi Avenue. Riadha au raga ya mchana ina kelele za kadiri, ingawa bastola ya kuanzisha mbio imo. Anza na hizo. Kwa derby kama hiyo ya Gor na Leopards, pengine fimbo nyeupe na rafiki wa kuaminika vitafaa zaidi, na ombi la kiti cha mwisho wa safu bado litakusaidia.

Siku ya mechi

Fika muda wa saa mbili kabla ya mchezo kuanza. Kama mnapanda matatu, kubaliana na kondakta kabla ya kupanda, na kama ni teksi ya kuitwa kwa simu, mwambie dereva mapema kwamba kuna mbwa. Getini toa ruhusa iliyochapishwa kwanza, kisha tikiti, kisha kadi. Mkanda una vyuma, kwa hiyo mashine italia, na mkaguzi ampapase mbwa akiwa ameuvaa. Uliza polisi wenye mbwa wa kunusa wako wapi, mpite mbali nao.

Mweleze msimamizi anayewapeleka kwamba mbwa hajui namba ya kiti. Yeye huepusha vizuizi, wewe ndiye unayetoa mwelekeo, kwa hiyo msimamizi aseme "kulia, ngazi sita kwenda juu" badala ya kumshika mbwa mkanda. Ukishakaa, waambie majirani kwamba mbwa yuko. Wapo wanaoogopa, na wapo ambao kwa dini yao hawapendi mate ya mbwa yawaguse nguo. Ukiwaeleza mapema watasogea kidogo na mchezo utaendelea. Beba bakuli na maji, na omba ruhusa ya chupa kama geti linazikataza. Redio ndogo yenye kisikizi itakupa utangazaji wa Kiswahili, KBC Radio Taifa ikiwa inatangaza mechi hiyo, ila acha sikio moja wazi.

Ukikataliwa

Ukikataliwa kabla ya mechi, omba sababu kwa maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba kinakupa haki hiyo dhidi ya uamuzi wa kiutawala. Ukikataliwa getini, mpigie afisa aliyetajwa kwenye ruhusa, na usiondoke kabla ya kupata jina la aliyekuzuia, namba ya geti na saa. Mwenzako arekodi sauti yenu mkizungumza.

Malalamiko yapeleke kwanza kwa mwandaaji, kisha NCPWD. Ikiwa ni ofisi ya umma iliyokaa kimya, Tume ya Haki ya Utawala hupokea malalamiko bila malipo, na ubaguzi unaweza kuufikisha kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu. Ambatisha barua yako ya kwanza, jibu ulilopewa, tikiti ambayo haikutumika na risiti ya M-Pesa.