Klorini kwenye maji inaua chanjo ya kuku, usikimbilie kulaumu duka

Wafugaji wangu, simu ninazopigiwa siku hizi zinafanana kabisa. "Daktari, ugonjwa wa Gumboro nimechanja siku ya 14, nikarudia ya 28, vifaranga bado wanakufa, nimeuziwa chanjo feki." Nikifika bandani naikuta chupa ya chanjo haijaisha muda, imekaa kwenye friji vizuri, barafu ipo. Nauliza maji ulichota wapi? Bombani. Vyombo umeosha na nini? Na Jik, daktari, usafi muhimu. Basi hapo hapo ndo chanjo imekufa, kabla hata kuku hajaionja.

Chanjo ya Gumboro na ile ya kideri ya kunywesha ni virusi hai waliodhoofishwa, na klorini inawekwa kwenye maji ya bomba ili iue vijidudu, virusi wakiwemo, yenyewe haijui hiki ni cha ugonjwa hiki ni cha chanjo. Unatoa hela yako, unaamka alfajiri, afu unanywesha kuku maji yenye chanjo iliyokufa. Inaniuma sana, maana kifaranga wa wiki mbili ameshakula chakula cha bei.

Wengi mnachanganya hapa. Mzee mmoja huku pwani alikataa kutumia maji ya kisima chake kisa yana ladha ya chumvi na amesikia chumvi ina klorini, akaenda kununua ya bomba! Ni kweli chumvi ya mezani karibu asilimia 60 ya uzito wake ni klorini, iwe ya Uvinza au ya mabwawa ya Bagamoyo, na lita moja ya maji ya bahari ina kama gramu 19, lakini hiyo imeshashikana na madini mengine, imetulia, inaitwa kloraidi, haiui chanjo namna hiyo. Asidi ya tumboni mwako inayo, bomba la PVC linayo zaidi ya nusu ya uzito wake, na halijakudhuru. Kwenye asili huikuti klorini ikiwa peke yake hivi hivi, daima imeshikana na kitu. Ya kuogopa ni ile iliyo huru, ya kuua vijidudu: maji ya bomba, Jik, vidonge vya WaterGuard, dawa ya swimming pool. (Kisima kikiwa na chumvi kali mno kuku wataharisha, ila hilo ni tatizo jingine.)

Sasa vipimo, na hapa naomba usikadirie kwa jicho.

Saa 48 kabla ya chanjo acha Jik na dawa yoyote ya maji. Vyombo vioshe kwa brashi na maji matupu, sabuni hapana. Tumia vya plastiki, sio vya bati lenye kutu.

Maji mazuri ni ya mvua au kisima safi ambacho hakijatiwa dawa. Kama una bomba tu, kinga kwenye ndoo pana, iache bila mfuniko saa 24, funika na chandarua tu uchafu usiingie. Ukiyachota moja kwa moja kwenye simtank iliyofungwa jua klorini bado imo. Na hata yakishalala, weka maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2.5 kwa kila lita. Pima kwa mzani, kijiko kinadanganya. Koroga, subiri dakika 20 mpaka 30, NDIPO utie chanjo. Hizo dakika ndo mnaziruka kila siku! Maziwa yanahitaji muda wa kuimaliza klorini iliyobaki, ukitia vyote kwa pamoja umefanya kazi bure. Na sio maziwa ya kawaida yenye mafuta jamani, mafuta yanaganda kwenye vyombo.

Kiasi cha maji: kuku 1,000 wa siku 14 ni lita 14, kwa hiyo 500 ni lita 7, yani umri wa siku mara idadi gawa kwa 1,000, na unga wa maziwa hapo ni gramu 17.5. Kwenye joto kama la Dar wanakunywa zaidi, kwa hiyo jana yake saa hiyo hiyo pima wanamaliza lita ngapi kwa saa mbili uende na hiyo.

Siku yenyewe anza alfajiri. Wanyime maji kwa muda wa saa moja, kama ni baridi kwa muda wa saa mbili, weka vyombo vingi wadhaifu nao wafike. Chanjo iishe ndani ya saa mbili, ikizidi imeshakufa kwa joto. Ikiisha kwa muda huo na kila kuku amekunywa, umefaulu.

Anayetumia I-2, yani chanjo ya kideri ya tone la jichoni, maji ya kuchanganyia yachemshe kwanza yapoe kabisa, usichote bombani ukatia.

Maji ya dawa rudisha saa 24 baada ya chanjo kuisha. Na kama wiki hii umeshachanja kwa maji ya bomba hivi hivi, hesabu kuku wako hawajachanjwa, mpigie afisa mifugo wa kata leo mpange kurudia, usisubiri siku ya 28.