Kitabu kipya, cha mtumba au cha maktaba: namna ya kuamua kabla ya kutoa pesa

Kabla ya kuuliza bei, jiulize kitabu hicho utakifungua mara ngapi. Riwaya nyingi husomwa mara moja zikaisha. Kamusi hufunguliwa kila wiki kwa miaka kumi. Kitabu cha mtihani hutumika mwaka mmoja au miwili, halafu hakina kazi tena. Anayenunua kila kitu kipya dukani hupoteza pesa, na anayeng'ang'ania mtumba kwa kila kitu hupoteza vilevile, ila yeye huchelewa kugundua.

Kwa hiyo: cha kusoma mara moja, anzia maktaba. Cha kurudia-rudia ambacho yaliyomo hayapitwi na wakati, tafuta mtumba. Kinachobadilika kila toleo, nunua kipya. Kipya pia ndicho cha kununua ikiwa mwandishi ni wa hapa kwetu na yuko hai. Mwandishi hulipwa mrabaha kwa nakala mpya zinazouzwa. Nakala ya mtumba haimpi hata senti. Riwaya ya Kiswahili ikidoda dukani, mchapishaji hana sababu ya kuichapa tena, na msomaji atakayeitaka miaka mitano baadaye ataishia kuomba fotokopi.

Maktaba si bure kabisa

Piga hesabu ya nauli. Tuseme kila safari ni shilingi 600 za Tanzania. Kwenda kuchukua kitabu na kurudi, kisha kwenda kukirudisha na kurudi tena, ni safari nne: shilingi 2,400. Kwa kitabu kimoja, hiyo inakaribia bei ya riwaya nyembamba ya mtumba. Ukichukua vitatu kwa mkupuo, kila kimoja kimekugharimu 800. Azima idadi yote ambayo kadi yako inaruhusu, na panga kurudisha siku unayopita huko kwa shughuli nyingine.

Siku ya kujiandikisha, beba kitambulisho na picha ndogo mbili. Mara nyingi huombwa pia barua ya mdhamini, kutoka kwa mwajiri, shule au serikali ya mtaa. Pale mapokezi muulize mkutubi mambo haya kabla hujalipa: ada ni ya muda gani, unaruhusiwa vitabu vingapi, kwa siku ngapi, faini ni kiasi gani kwa siku, na kama unaweza kuongeza muda kwa simu. Hilo la mwisho wengi hulisahau. Kitabu cha kurasa 600 hakimaliziki ndani ya wiki mbili kwa mtu anayesoma usiku baada ya kazi.

Kwenye rafu, fuata namba za Dewey, yaani zile za kupanga vitabu kwa mada, zilizobandikwa mgongoni mwa kila kitabu. Fasihi ya Kiswahili hukaa 896.392, lugha yenyewe 496.392, historia ya Tanzania 967.8 na ya Kenya 967.62. Vitabu vya rejea havitoki nje, hata ukimbembeleza mkutubi.

Kitabu cha zamani kisichochapwa tena usihangaike nacho mitaani kabla hujauliza Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam, iliyofunguliwa 1967. Sheria inawataka wachapishaji wa nchini kupeleka nakala huko, kwa hiyo hata kitabu kilichopotea madukani kinaweza kuwapo, utakisomea humohumo. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam nacho kina mkusanyo wa Afrika Mashariki unaofaa kwa kazi hiyo.

Na kabla hujaondoka mezani na kitabu cha kuazima, kipekue. Ukiona ukurasa uliochanwa au picha iliyokatwa, mwonyeshe mkutubi aandike palepale. Usipofanya hivyo, siku ya kurudisha mchanaji ni wewe.

Kukagua kitabu cha mtumba

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea, iwe kwa wachuuzi wa kando ya barabara Dar es Salaam au Nairobi. Usiangalie jalada kwanza. Fuata mpangilio huu. Dakika mbili zinatosha.

Anza na mgongo. Shika kitabu kwa mikono miwili, kifungue katikati taratibu, usikilize. Gundi iliyokauka hulia kama kijiti kikavu, na kurasa za hapo zitaanza kuchomoka ukifika nusu ya kitabu. Sasa kigeuze ukitazame kwa juu, pale kurasa zinapokutana na mgongo. Ukiona mafungu ya karatasi zilizokunjwa, na uzi katikati ya fungu, kimeshonwa. Hicho hudumu na hata fundi anaweza kukitengeneza. Ukiona ukanda mmoja bapa wa gundi, kimegundishwa tu. Cha gundi si kibaya, ila bei yake iwe chini.

Kisha kurasa. Vitabu huchapwa kwa mafungu, aghalabu ya kurasa 16 au 32, kwa hiyo kosa la kiwandani huja kwa fungu zima: limerukwa, limerudiwa, au limewekwa kichwa chini. Huna haja ya kuhesabu zote. Achia kurasa zipite chini ya kidole gumba huku ukitazama namba za pembeni. Zikiruka kutoka 48 hadi 65, umeshaona. Kurasa zinazochomoka moja moja huwa za mwanzo na za mwisho, na riwaya isiyo na kurasa za mwisho haifai kununuliwa kwa bei yoyote.

Ukurasa wa hakimiliki hukwambia umri wa maandishi. Tofautisha toleo na chapa: toleo jipya limebadilishwa ndani, chapa mpya ni ileile iliyorudiwa. Ukikuta safu ya namba kama 10 9 8 7 6 5 4, namba ndogo kabisa iliyobaki ndiyo chapa. Hapo ni ya nne. Namba ya utambulisho wa kitabu, yaani ISBN, ya tarakimu 13 ilianza 2007, hivyo kitabu chenye tarakimu 10 peke yake kwa kawaida kilichapwa kabla ya hapo. Kwenye kamusi hili lina uzito. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka 1981, na toleo la pili 2004. Lile la kwanza linatosha kwa anayesoma fasihi ya zamani, lakini usilitarajie likusaidie kwa maneno ya kompyuta.

Weka pua karibu na mgongo, unuse kama kuna ukungu. Madoa ya kahawia yaliyokauka ni uzee tu, hayazuii kusoma. Unga wa kijivu au wa kijani unaobaki kidoleni ni ukungu ulio hai. Kiache hapohapo, hata kama ni cha bure. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 hivi ukungu huendelea kukua, na Tanga, Mombasa au Unguja hilo ni jambo la kila siku. Kitabu kimoja huharibu rafu nzima.

Kigonge mgongo juu ya karatasi nyeupe. Vumbi laini likidondoka, na ukaona vitundu vidogo vya mviringo, wadudu wamo.

Mwisho ni muhuri. Maktaba inapoondoa kitabu kihalali hukigonga muhuri wa kuondolewa. Kikiwa na muhuri wa maktaba au shule bila huo wa pili, kuna uwezekano mkubwa kiliibwa. Usikinunue.

Kuna pia feki zinazouzwa kwa jina la mtumba. Jalada linang'aa lakini rangi zimefifia, maandishi ya ndani yamepauka kama fotokopi, mistari imepinda kidogo, na ukingo wa ndani ni mwembamba mno hadi maneno yanamezwa na gundi. Riwaya inayovuma mwaka huu, iliyorundikwa nakala ishirini zinazofanana, haijatumiwa na mtu yeyote. Namba ya ISBN haitakusaidia hapo, maana hunakiliwa pamoja na jalada.

Kuhusu bei, kwanza ijue ya dukani. Nakala safi ya mtumba iwe nusu au chini yake. Ikizidi asilimia 60, ongeza kidogo ununue mpya, utapata risiti na haki ya kurudisha. Usipatane kitabu kimoja kimoja. Chagua vitatu au vinne, viweke pamoja, taja bei ya jumla. Mchuuzi hukubali kushusha kwenye rundo kuliko kwenye kitabu kimoja.

Vya shule ni habari nyingine

Nenda na orodha ya shule yenye jina la kitabu, mchapishaji na toleo. Mtaala ukibadilika, bei ya mtumba hushuka ghafla na mzazi hudhani amepata bahati. Kenya ilifanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, kwa mara ya mwisho 2023, na vitabu vya darasa la nane la mfumo wa 8-4-4 bado vipo mitaani. Mtoto anayesoma mtaala wa umilisi (CBC) ulioushika nafasi ya mfumo huo havimsaidii darasani. Tanzania nayo ilianza kutekeleza mtaala mpya 2024, darasa kwa darasa, hivyo ndugu wawili nyumba moja wanaweza kuhitaji vitabu tofauti kwa somo lilelile. Vya hadithi kwa watoto wadogo, kinyume chake, chukua mtumba bila wasiwasi: watavichana hata hivyo.

Ukinunua kipya, kifungue dukani kabla ya kulipa, hata kama kimefungwa nailoni; omba kifunguliwe. Fungu lililorudiwa au kurasa tupu hutokea kwa wachapishaji wazuri pia. Kosa la aina hiyo hubadilishwa ukiwa na risiti, ila ukishaandika jina lako ndani mabishano huanza.

Kitabu cha mtumba kikifika nyumbani

Usikipeleke rafuni moja kwa moja. Kisugue vumbi kwa kitambaa kikavu, ukianzia mgongoni kuelekea nje. Ukishuku wadudu, kifunge kwenye mfuko wa plastiki, kamua hewa, uzibe kwa utepe wa gundi, kisha kiweke kwenye friza wiki mbili. Ukikitoa, usifungue mfuko kwa saa 24. Ukifungua mapema, mvuke wa hewa hugeuka maji juu ya karatasi baridi na utakuwa umeita ukungu mwenyewe.

Harufu ya stoo hupungua kwa kukiweka kitabu wiki moja au mbili ndani ya boksi lililofungwa lenye bakuli la makaa makavu, bila makaa kugusa kitabu. Usikianike juani: gundi hukakamaa na jalada hukunjamana. Baada ya hapo kiweke wima, rafu ikiwa sentimita chache mbali na ukuta wa nje ili hewa ipite nyuma.