Mafuta ya Kunukia ya Mimea Katika Chakula cha Kuku: Namna ya Kuzuia Maambukizi ya Utumbo

Mwongozo huu unamhusu mfugaji wa Kigoma anayefuga kuku wa nyama au chotara, anayechanganya chakula mwenyewe, na anayetaka kuachana na mazoea ya kuwatilia vifaranga antibayotiki kwenye maji kabla hawajaugua. Mazoea hayo huzalisha vijidudu sugu, na vijidudu hivyo havibaki bandani. Huwafikia pia wanaohudumia kuku na wanaokula nyama yake. Uswidi ilipiga marufuku antibayotiki za kukuzia mifugo mwaka 1986, na Umoja wa Ulaya ukakamilisha marufuku kama hiyo tarehe 1 Januari 2006. Katika kutafuta cha kuziba pengo lililoachwa na dawa hizo, mafuta ya kunukia ya mimea yamekuwa miongoni mwa vitu vilivyofanyiwa majaribio mengi, nayo yameonyesha faida, ingawa faida hiyo hailingani katika kila banda.

Mafuta yanayozungumziwa hapa si mawese wala alizeti. Hupatikana kwa kupitisha mvuke kwenye majani, maua au magome, kisha mvuke huo ukapozwa hadi mafuta yakajitenga na maji. Mafuta ya karafuu hubeba eugenoli kwa wingi, ya zaatari na oregano hubeba thimoli na kavakroli, na ya magome ya mdalasini hubeba sinamaldehaidi. Viini hivi hupenya katika utando unaomzunguka bakteria na kuudhoofisha, hata vilivyomo ndani vikavuja na bakteria akashindwa kuishi. Kwa kawaida Clostridium perfringens, bakteria anayesababisha ugonjwa wa kuoza utumbo, hudhurika kwa urahisi zaidi kuliko salmonela na E. coli, kwa kuwa hawa wawili wana utando wa ziada wa nje unaowakinga.

Kabla ya kununua chupa yoyote, tazama kwanza chakula na sakafu ya banda, kwa sababu hapo ndipo maambukizi mengi huanzia. Sisi wa kandokando ya Ziwa Tanganyika tuna dagaa karibu, na kishawishi cha kuwajaza katika chakula cha kuku ni kikubwa. Dagaa ni protini nzuri, lakini chakula chenye samaki wengi mno huwapa bakteria wa klostridia lishe wanayoipenda, na hiyo ni sababu mojawapo inayojulikana ya kuku wa nyama kuoza utumbo. Kwa maoni yangu, mfuko wa kilo 50 usibebe zaidi ya kilo 5 za dagaa, na protini inayobaki itoke kwenye mashudu ya alizeti na soya iliyokaangwa vizuri. Chagua dagaa waliokaushwa juu ya vichanja, hata kama bei yao iko juu, kwa kuwa dagaa waliotandazwa mchangani hukusanya kinyesi cha ndege na wanyama, na salmonela huingia bandani kwa njia hiyo. Wanuse na uwavunje kabla ya kulipa: dagaa mkavu huvunjika kwa mlio, ilhali mbichi kwa ndani hupinda na kuacha unyevu kwenye vidole.

Kuhusu sakafu, chukua maranda kwa kiganja kutoka pembeni mwa chombo cha maji na uyakamue kwa nguvu. Yakibaki donge baada ya kufungua kiganja, yamelowa kupita kiasi na hayana budi kuondolewa siku hiyohiyo. Yakisambaa polepole, yako sawa. Kipimo hiki kina uzito zaidi katika miezi ya mvua, kwa sababu maranda yaliyolowa hukuza vimelea vya kuhara damu, na vimelea hivyo huchubua ukuta wa utumbo na kuwafungulia bakteria njia. Chanjo au dawa ya kinga ya kuhara damu iliyopangwa na mtaalamu wa mifugo iendelee kama kawaida. Mafuta hayachukui nafasi yake.

Sasa tuje kwenye kipimo. Majaribio mengi kwa kuku yametumia kati ya miligramu 100 na 300 za mafuta kwa kila kilo ya chakula. Anza na kiwango cha chini, yaani miligramu 100, ambacho kwa mfuko wa kilo 50 ni gramu 5, takriban mililita 5 kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Ikiwa umenunua bidhaa iliyosajiliwa kwa ajili ya mifugo, fuata maelezo ya kwenye kifungashio na si hesabu hii, maana kiasi cha mafuta halisi ndani ya bidhaa hizo hutofautiana sana. Mafuta ya kunukia yanayouzwa kwa ajili ya masaji au manukato yasitumike, kwa kuwa huwezi kujua yamechanganywa na nini.

Mililita 5 ni kidogo mno kusambaa ndani ya kilo 50 kwa kumwagwa tu, kwa hiyo uchanganyaji ufanywe kwa hatua. Vaa glavu, kisha changanya mafuta hayo na mililita 100 za mafuta ya alizeti. Mawese pia yanafaa, ila huganda asubuhi zenye baridi. Yapashe moto kidogo hadi yayeyuke, yaache yapoe, ndipo utie mafuta ya kunukia, kwa sababu joto huyafukuza hewani. Mimina mchanganyiko huo juu ya kilo 2 za pumba za mahindi na uzisugue baina ya viganja hadi usione tena mabonge yenye rangi iliyokolea. Pumba hizo zichanganye na kilo 10 za chakula, kisha kilo 12 hizo na chakula chote kilichobaki juu ya turubai safi, ukigeuza kwa koleo mara nne au tano. Mwisho chota kidogo kutoka pembe mbalimbali za lundo na unuse: harufu iwe ya nguvu ileile kila mahali. Changanya chakula cha wiki moja tu, ukifunge vizuri na ukiweke kivulini, kwa kuwa harufu inayopotea ndiyo dawa inayopotea.

Kwa asiyepata mafuta yenyewe, karafuu nzima za sokoni zinatosha kuanzia. Chipukizi kavu la karafuu hubeba mafuta yapatayo asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake, kwa hiyo gramu 30 za karafuu zilizosagwa siku hiyohiyo hukupa karibu gramu 5 za mafuta kwa mfuko wa kilo 50. Pima kwa mizani ndogo ya jikoni, saga laini, na uchanganye kwa hatua zilezile. Karafuu iliyosagwa zamani na kukaa wazi dukani haikufai. Mchaichai hauwezi kufanya kazi hiyo kwa urahisi, kwani majani yake mabichi hutoa mafuta yasiyofika hata asilimia 1 ya uzito, na kikapu kizima kinaweza kukupa gramu chache tu.

Usitie mafuta haya moja kwa moja kwenye maji ya kunywa. Huelea juu, na kuku wa kwanza kufika hunywa tone kali linalomchoma mdomo na koo, huku wa mwisho akinywa maji matupu. Kwa maji zipo bidhaa zilizotengenezwa ili zichanganyike nayo, na hizo pekee ndizo zinazofaa.

Anza kuwapa vifaranga tangu wiki ya kwanza na uendelee hadi wiki ya tano, kwa sababu ugonjwa wa kuoza utumbo huwashika zaidi kuku wa nyama wenye umri wa wiki mbili hadi tano. Fahamu pia kwamba sehemu kubwa ya mafuta yasiyofunikwa hufyonzwa mapema, kabla ya kufika mwisho wa utumbo mwembamba. Ndiyo maana bidhaa zilizofunikwa kwa tabaka la mafuta magumu hugharimu zaidi. Ukizipata kwa bei unayoimudu, ni bora kuliko mafuta ya chupa.

Kuku wakianza kujikunyata, kuharisha kinyesi cheusi au kufa ghafla, kinga imeshapitwa. Mpigie afisa mifugo na umwombe ampasue kuku aliyekufa muda mfupi uliopita. Utumbo mwembamba uliojaa gesi, wenye ukuta mwembamba na ndani yake utando wa kahawia uliokwaruzika kama taulo kuukuu, ni dalili ya ugonjwa huo, na hapo antibayotiki sahihi kwa dozi sahihi ina nafasi yake, pamoja na siku za kusubiri kabla ya kuchinja. Vifaranga waliotoka kwa mama mwenye salmonela nao hawatasafishwa na mafuta. Kwao tiba ni kubadilisha mahali unaponunua vifaranga.

Chupa ya mafuta ifungiwe mbali na watoto. Mafuta ya karafuu yakinywewa na mtoto, hata kwa kiasi kidogo, yanaweza kudhuru ini na kuleta degedege. Akiyanywa, usimtapishe, mpeleke hospitali mara moja ukiwa na chupa mkononi. Yakiingia machoni, suuza kwa maji safi kwa dakika 15. Wala yasinyweshwe mtu anayeharisha. Huyo apewe ORS na apelekwe zahanati.

Katika kundi la kwanza, gawanya banda kwa wavu: nusu wapewe chakula chenye mafuta na nusu kisicho nayo, vifaranga walioanguliwa siku ileile, maranda yaleyale. Andika kila wiki uzito wa kuku kumi kutoka kila upande, chakula kilicholiwa na idadi ya vifo. Tofauti ikikosekana baada ya makundi mawili au matatu, fedha ya mafuta ipeleke kwenye maranda makavu na dagaa safi.