Kujibu barua ya TRA inayohoji ritani yako ya mapato: mwongozo kwa wafanyabiashara wa Mtwara na Lindi

Kabla ya kuandika jibu lolote, jua umepokea barua ya aina gani. Ziko mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza inaomba maelezo: ofisi imelinganisha ritani yako (fomu uliyotangazia mapato) na taarifa nyingine, kama miamala ya benki, risiti za EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti) au kodi ya zuio, yaani ile mnunuzi anayoikata kwenye malipo yako na kuipeleka TRA, ikaona hesabu hazikutani. Hapo kodi haijaongezwa bado, na muda wa kujibu ni ule uliotajwa kwenye barua yenyewe. Ya pili ni tathmini: kodi imeshakokotolewa na kiasi unachodaiwa kimeandikwa. Hii haijibiwi kwa barua ya maelezo. Inajibiwa kwa pingamizi, ndani ya siku 30 tangu ulipopelekewa. Anayeijibu tathmini kwa barua ya kuomba afikiriwe hupoteza siku zake 30, na deni linabaki palepale.

Barua hizi husomwa na kujibiwa kwenye akaunti yako ya mlipakodi, inayofikiwa kupitia tovuti ya TRA, tra.go.tz. Kikwazo cha mwanzo kwa wengi ni kwamba TIN (namba ya mlipakodi) iliombwa steshenari, na aliyejaza fomu akaweka simu au barua pepe yake mwenyewe. Taarifa zinamwendea yeye, na namba ya uthibitisho ya kuingilia pia. Kama ndivyo ilivyo kwako, nenda na kitambulisho cha NIDA ofisi ya TRA ukabadilishe mawasiliano kabla hujaletewa barua. Na ukitumiwa kiungo kwa meseji kinachodai una deni, usikifungue. Andika anwani ya tovuti mwenyewe, ingia, uangalie kama barua ipo kweli.

Sasa kazi yenyewe. Swali linaloulizwa mara nyingi ni hili: mbona fedha zilizoingia benki ni nyingi kuliko mauzo uliyoyatangaza? Chukua taarifa ya benki ya mwaka mzima unaohojiwa, ya akaunti zote, pamoja na taarifa ya simu kama unapokea malipo kwa lipa namba. Pitia kila ingizo na uliandikie chanzo chake. Tuseme duka la vifaa vya ujenzi Masasi limetangaza mauzo ya shilingi 142,000,000, na benki inaonyesha maingizo ya 177,000,000. Tofauti ni 35,000,000. Ukipitia unakuta 12,000,000 ni mkopo, 8,000,000 umehamisha kutoka akaunti yako nyingine, 3,000,000 msambazaji amekurudishia kwa saruji iliyoganda, na 7,000,000 ni fedha za kikundi ambacho wewe ni mweka hazina. Zinabaki 5,000,000 ambazo huna maelezo nazo ila kwamba ni mauzo yaliyosahaulika. Hizo zikiri, kwa sababu riba inaendelea kuhesabiwa, na ukibanwa kwenye hizo tano hata zile thelathini za kweli zitatiliwa shaka.

Kila kiasi kinahitaji karatasi yake: mkataba wa mkopo, taarifa ya akaunti ya pili, hati ya msambazaji, daftari la kikundi pamoja na muhtasari wa kikao. Angalia sana uhamisho. Kuhamisha fedha kutoka simu kwenda benki si mapato mapya, lakini lazima uonyeshe zilivyoingia kwenye simu. Kama ziliingia kwa wateja, basi ni mauzo, na unatakiwa kuonyesha kwamba yameshahesabiwa mara moja kwenye ritani.

Kwa aliyesajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kuna tofauti nyingine ambayo si kosa hata kidogo. Mteja akilipa 11,800,000, mauzo ni 10,000,000 na VAT ya kiwango cha kawaida cha asilimia 18 ni 1,800,000. Benki inaonyesha kiasi chote. Ritani ya mapato inaonyesha milioni kumi. Iweke wazi kwenye jedwali, mstari kwa mstari.

Upande wa matumizi, gharama isiyo na risiti ya EFD iko hatarini kukataliwa. Karatasi ya risiti hizi hufifia, na kwa joto la pwani yetu hufifia mapema, kwa hiyo ipige picha au itoe kopi siku ileile unayopewa. Kama maandishi yanapotea lakini namba ya uhakiki bado inasomeka, iingize kwenye verify.tra.go.tz uitoe upya. Sheria inakutaka utunze kumbukumbu kwa miaka 5, na karatasi hiyo peke yake haifiki huko.

Mfanyabiashara wa mazao ana ugumu wake, maana mkulima hana mashine ya EFD. Kwa korosho, ufuta au mbaazi zilizopita kwenye stakabadhi ghalani, ambatisha hati za mnada, malipo kwa chama kikuu cha ushirika, hati ya kutolea mzigo ghalani na risiti za ushuru wa mazao wa halmashauri. Kilo zilizoko kwenye hati hizo zilingane na kilo ulizouza. Zikipungua, eleza unyaufu na uonyeshe hati za mizani. Kama mnunuzi alikukata kodi ya zuio, mdai hati yake. Bila hiyo utalipa kodi ambayo imeshalipwa.

Kuna msimu wa kuangalia pia: ritani ya mwaka wa kalenda inaishia 31 Desemba, lakini korosho huanza kuuzwa Oktoba na malipo mengine huingia Januari. Mzigo ulionunuliwa Desemba na kuuzwa Januari ni bidhaa iliyobaki mwisho wa mwaka. Ukiusahau kwenye hesabu ya stoo, faida yako itaonekana ndogo kuliko ilivyo, na swali litakuja.

Barua ya jibu iwe fupi. Taja TIN, kumbukumbu namba ya barua yao na mwaka wa mapato, kisha jibu hoja kwa mpangilio walioutumia wao. Viambatisho vipe namba, na kila jibu litaje kiambatisho chake. Skani ziwe PDF zenye uzito mdogo. Faili kubwa hugoma kupanda mtandao ukiwa dhaifu, kama unavyokuwa mara nyingi Liwale au Newala. Ukishatuma, hifadhi picha ya skrini yenye tarehe. Mfumo ukikataa, peleka nakala ofisini, Mtwara au Lindi, upigiwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako.

Ikifikia pingamizi, andika sababu zako na ulipe kiasi usichobishania au theluthi moja ya kodi iliyotathminiwa, kilicho kikubwa kati ya hivyo. Tathmini ikiwa 9,000,000 na wewe unakubali 1,500,000, unalipa 3,000,000. Ukikubali 4,000,000, unalipa hizo nne. Bila malipo hayo pingamizi halipokelewi. Huna uwezo? Omba kwa maandishi Kamishna Mkuu wa TRA akusamehe au akupunguzie malipo hayo, ueleze sababu, na ufanye hivyo mapema, usisubiri siku 30 ziishe. Uamuzi wa mwisho wa TRA kuhusu pingamizi lako usipokuridhisha, unapeleka kusudio la rufaa Bodi ya Rufani za Kodi ndani ya siku 30, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45, zote zikihesabiwa tangu ulipopewa uamuzi.