Kumchukua na Kumlea Dachshund Mwoga Aliyeokolewa: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua kutoka Kisumu

Kwa miaka tisa nimekuwa nikiwahifadhi nyumbani kwangu, hapa Mamboleo, Kisumu, mbwa waliookolewa ambao bado hawajapata wenyewe wa kudumu. Wengi ni mbwa wa mtaani wa kawaida, lakini mara mojamoja huletwa dachshund, yule mbwa wa asili ya Ujerumani mwenye mwili mrefu na miguu mifupi ambaye watoto wetu humwita mbwa soseji. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kumchukua dachshund wa kati ya miezi sita na mwaka mmoja ambaye alitendewa vibaya na sasa anamwogopa kila anayemkaribia.

Jambo la kulielewa kabla ya yote ni kwamba kwa mbwa wa aina hii woga na mgongo haviachani. Diski za uti wake wa mgongo, yaani zile sehemu laini zilizo kati ya pingili, huanza kukakamaa angali mdogo kwa sababu ya umbile alilozaliwa nalo, na takriban mmoja kati ya kila wanne au watano huja kuugua mgongo maishani mwake. Mbwa mwingine akishtuka ataruka kutoka kitini na yataishia hapo, ilhali dachshund akishtuka vivyo hivyo anaweza kuumia kiasi cha kushindwa kutembea. Ndiyo maana hatua zote zilizo hapa chini zina shabaha mbili: asitishike, na asiruke.

Hatua ya 1: Mtembelee kabla ya kukubali

Mtembelee mahali anapohifadhiwa angalau mara mbili, siku tofauti. Keti chini, usimwite, na utazame anafanya nini baada ya dakika ishirini. Mbwa mwoga ambaye mwishowe ananyoosha shingo kukunusa kwa mbali ana mwanzo mzuri; anayebaki ukutani akitetemeka muda wote anaweza kulelewa pia, lakini anahitaji nyumba tulivu na mtu anayeshinda nyumbani. Uliza kadi yake ya chanjo, uliza aliwahi kuanguka au kulia akiguswa mgongo, na uliza ni kitu gani hasa kinachomtisha.

Hatua ya 2: Kagua ua na sakafu

Dachshund alizalishwa ili aingie mashimoni kuwafuata wanyama wa jamii ya nyegere, kwa hiyo kuchimba kumo damuni mwake. Ua wa kayaba unaoonekana mzito kwa juu mara nyingi una mianya kwa chini ambayo sisi hatuioni. Inama hadi usawa wa goti uikague, kisha uizibe kwa waya na mawe. Fanya hivyo pia chini ya geti.

Ndani ya nyumba, tatizo ni sakafu. Marumaru na saruji iliyosuguliwa kwa rangi nyekundu huteleza, na mbwa anayekimbia kwa hofu hupanua miguu ya nyuma na kuupinda mgongo. Tandika mikeka au vipande vya zulia kwenye njia atakazopita. Kisha mtengee chumba kimoja tu kwa wiki ya kwanza, chenye kasha lililolazwa ubavu, leso au blanketi kuukuu ndani yake, na maji karibu. Atajifukia chini ya blanketi hilo mpaka asionekane. Mwache, hayo ni maumbile yake.

Hatua ya 3: Siku ya kumleta

Mlete kwa gari, ndani ya kasha, si kwa bodaboda wala mikononi. Mvalishe mkanda wa kifuani badala ya kumfunga kamba shingoni, kwa sababu kamba ya shingo huvuta uti na mbwa mwoga huweza kujichomoa akirudi kinyumenyume. Usiwaalike majirani kuja kumwona. Hata ndani ya ua wako mwenyewe, mtoe akiwa amefungwa kamba kwa wiki kadhaa za mwanzo, kwa maana mbwa asiyekujua hana sababu ya kurudi ukimwita.

Hatua ya 4: Mwache aje mwenyewe

Hapa ndipo watu wengi huharibu kazi, na nawaomba mpatie hatua hii muda kuliko nyingine zote. Keti sakafuni chumbani mwake mara tatu au nne kwa siku, umpe ubavu badala ya uso, usimkazie macho, na umrushie kipande kidogo cha chakula bila kusema neno. Ukimaliza, ondoka. Usinyooshe mkono juu ya kichwa chake.

Njugu, jike wa miezi minane aliyekuwa amefungiwa kwenye tundu la kuku, alikaa siku sita bila kutoka chini ya kitanda. Nilikuwa nikiweka omena mmoja mmoja, waliochemshwa bila chumvi, kwa mstari kuanzia kitandani hadi gotini kwangu. Siku ya kwanza alikula wale wawili wa karibu naye baada ya mimi kutoka. Siku ya saba, nikiwa nimeegemea ukuta nikisoma, nilisikia pumzi yenye unyevu kwenye kifundo cha mguu; alimchukua omena wa mwisho kwa ncha ya meno, akarudi nyuma hatua mbili, akamtafuna huku akinitazama. Mtoto wa jirani aliyekuwa mlangoni alininong'oneza, "Mama, nimshike?" Nikamwambia, "Hapana, baba. Akitaka atakuja."

Jifunze kusoma mwili wake. Mkia uliobanwa tumboni, masikio yaliyolazwa nyuma, kupiga miayo ilhali hana usingizi, kulambalamba midomo na kuonyesha weupe wa macho, zote ni njia za kukuomba usogee mbali. Akinguruma, rudi nyuma na usimkemee kamwe. Mbwa aliyeadhibiwa kwa kunguruma hujifunza kuuma bila kutoa onyo.

Hatua ya 5: Kumbeba, kumshusha na kuulinda mgongo

Miaka minne iliyopita nilifanya kosa ambalo bado linaniuma. Nilikuwa na haraka ya kumpeleka dachshund mmoja kliniki, nikamvuta kutoka chini ya kochi kwa kumshika kwapani, nikamnyanyua miguu ya nyuma ikining'inia. Alijipindua kwa hofu, akaniponyoka na kuanguka sakafuni. Alitembea akiyumba kwa wiki tatu, akifungiwa kwenye kasha na kupewa dawa, na imani aliyokuwa ameanza kuwa nayo kwangu ikarudi mwanzo.

Njia sahihi ni hii: piga goti kando yake, pitisha mkono mmoja chini ya kifua na mwingine chini ya makalio, mkaribishe kwenye mwili wako, kisha inuka polepole mgongo wake ukiwa umelala sambamba na sakafu. Umshushe vivyo hivyo mpaka miguu yote minne iguse chini ndipo umwachie. Kama bado hakubali kuguswa, usimbebe. Mfunze kuingia kwenye kasha kwa kumwekea chakula ndani, kisha ubebe kasha. Kwenye kochi weka ubao wenye mteremko mdogo uliofunikwa zulia, na ngazi uzizibe.

Mbwa akilia anapoguswa, akikataa kuinamisha shingo, akiyumba au kuburuta miguu ya nyuma, huo ni ugonjwa wa kushughulikiwa siku hiyohiyo. Usimkande wala kumpa dawa za maumivu za binadamu. Paracetamol na ibuprofen zinaweza kumuua. Mweke kwenye kasha, asitembee, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Hatua ya 6: Chakula

Wiki ya kwanza mpe kilekile alichokuwa akila, kisha umbadilishie kidogokidogo. Makombo ya mezani kwetu yana hatari ambayo wengi hawaijui: mchuzi na sukuma wiki hukaangwa kwa vitunguu, na vitunguu huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo hupasuka kwa ncha kali. Usimwache anenepe, kwani kila kilo ya ziada hubebwa na mgongo uleule. Unapopapasa mbavu zake unapaswa kuzihisi bila kubonyeza.

Hatua ya 7: Daktari

Mtafute daktari aliyesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, umweleze mapema kwamba mbwa ni mwoga ili asisubirishwe kati ya mbwa wengine. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia miezi mitatu na kurudiwa kila mwaka. Ongeza chanjo ya pavo, ugonjwa hatari wa kuhara kwa mbwa ambao virusi vyake hukaa udongoni kwa miezi mingi, pamoja na dawa ya minyoo. Kwa kuwa tumbo lake hupita karibu na majani, mkague kupe kila jioni, na katika sehemu zetu za magharibi tazama pia funza katikati ya vidole. Mjadili na daktari wakati unaofaa wa kumfunga uzazi.

Hatua ya 8: Ngurumo

Ukanda wa Ziwa Victoria una ngurumo nyingi, na mvua ya jioni juu ya mabati humtisha hata mbwa mtulivu. Mawingu yanapotanda upande wa ziwa, mwingize chumbani mapema, funga pazia, washa redio kwa sauti ya chini, na ukae naye. Akija kujificha kwako mpokee. Kumliwaza hakumwongezei woga.

Hatua ya 9: Kutoka nje ya geti

Usiharakishe hatua hii. Njugu tulimfungulia geti akiwa na mkanda wake, tukaketi kizingitini dakika kumi kila asubuhi kabla pikipiki hazijaanza kupita. Siku ya kumi na nne alishusha miguu ya mbele barabarani, akanusa vumbi, akarudi ndani. Kesho yake alifika kwenye mwembe wa jirani, hatua kama ishirini, na tukaishia hapo kwa siku hiyo.