Somo: Sanamu moja, mikono mitano, vitu vya kuokota

Wapendwa, wengi mmeuliza tuliwezaje wasanii watano kukaa wiki sita kwenye uwanja wa makumbusho hapa Arusha tukatoka na sanamu moja. Kugombana tuligombana. Lakini sanamu ilisimama, na nitaeleza tulivyofanya, pamoja na kosa langu ambalo sitaki mlirudie.

1. Lundo moja
Kila mtu amwage chini alichookota. Sisi tulizunguka gereji za Unga Limited, wauza skrepa, na kingo za Mto Themi baada ya mvua: springi za Land Rover, cheni za pikipiki, spoku, soli za katambuga, sufuria zilizotoboka. Kitu kikishaingia kwenye lundo si chako tena. Lisemwe mapema na kwa sauti, maana ndilo linalouma. Usichotaka mwenzako akikate, kiache nyumbani.

2. Daftari
Kabla ya kuosha chochote, kipe namba, andika kimetoka wapi na kilifanya kazi gani. Makumbusho hufanya hivyo kwa kila kinachoingia. Nawasihi msiruke hatua hii. Beringi iliyozungusha mashine ya kusaga ya kijiji kizima haiwekwi popote tu, ukishajua habari zake.

Hapohapo chambua. Mbao zilizobunguliwa zisiingie ndani, wadudu watahamia kwenye vitu vya makumbusho. Ukiokota kitu kinachoonekana cha kale, mpe mhifadhi, kwa sababu kuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964.

3. Waya kwanza, moto baadaye
Hapa ndipo penye somo. Siku kumi za mwanzo, mashine ya kuchomelea ikae pembeni. Fungeni kila kitu kwa waya wa kufungia nondo. Waya unafunguka kwa koleo, kwa hiyo mtu anaweza kubadili kazi ya mwenzake bila kuiua. Kwetu, kila asubuhi mmoja alihamisha kitu kimoja, wengine wakatazama kimya mpaka saa nne ndipo wakasema.

Siku ya nane nilivunja kanuni. Mwenzetu alileta kengele ya ng'ombe aliyopewa na mzee mmoja mnadani Monduli, mdomo umelika upande mmoja, ulimi wake wa mti mgumu. Nikaona inakaa vizuri mno kwenye springi, nikaichomelea kabla hajafika. Alipokuja akaitikisa. Ikatoa mgoto mfupi, kama sufuria iliyoshikwa kwa kiganja. Chuma kikibanwa hakitetemeki, na kisipotetemeka hakilii. Tukaikata kwa grainda, ukingo ukapasuka. Sasa inaning'inia kwa waya na mlio umerudi, ingawa na mkwaruzo. Nilitaka kuziba ule ufa, mwenzangu akakataa.

4. Kusimamisha
Uzito ukae chini. Sisi tuliweka ngoma mbili za breki za lori. Pimeni mlango wa ukumbi kabla sanamu haijanenepa. Kata na chomelea nje, ndoo ya mchanga karibu. Na msiegemeze chuma ukutani. Jengo kama Boma la Wajerumani lililojengwa 1900, ambalo leo ni Makumbusho ya Historia Asilia, ni kitu cha makumbusho lenyewe. Kutu isugueni kwa brashi ya waya, kisha pakeni nta.

MASWALI

Mama Neema, Moshi: Shikamoo mwalimu. Nina mabati ya zamani ya paa, naweza kuyachomelea?
Jibu: Marahaba mama. Usiyachomelee. Bati lina zinki, na moshi wake mweupe huleta homa na kutetemeka saa chache baadaye. Mafundi husema kunywa maziwa, maziwa hayazuii. Toboa, funga kwa ripiti au waya.

Fundi Spoku: Kaka, mimi nimeokota pembe ya nyati porini. Si takataka hiyo?
Jibu: Hapana ndugu yangu. Kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, hiyo ni nyara ya Serikali. Kuwa nayo bila kibali ni kosa, hata kama mnyama alikufa mwenyewe.

Dada wa Ngarenaro: Jina la nani linaandikwa? Mmoja wetu ndiye maarufu.
Jibu: Yote. Tazama Mti wa Uhai uliopo British Museum, London. Uliundwa kwa bunduki zilizokatwakatwa baada ya vita vya Msumbiji vilivyokwisha 1992, na majina ya waundaji ni manne: Kester, Hilário Nhatugueja, Fiel dos Santos na Adelino Serafim Maté. Andikeni makubaliano siku ya kwanza, kabla sifa hazijaja.

Mzee wa Nati: Muda ukiisha, sanamu inakwenda wapi?
Jibu: Shikamoo mzee. Sisi tulitumia nati na bolti kila ilipowezekana, ili ifunguliwe kwa spana. Itakaa makumbusho mwaka mmoja, kisha vyuma vigawanywe kwa kura. Isipokuwa kengele. Hiyo nimeomba irudi kwa aliyeileta, na wote wamekubali.